Jike Aliyeita Mwishoni mwa Oktoba

"Ukiendelea kutafuna hivyo nitakurudisha garini," Asmund alinong'ona.

"Ni mkate tu, ami," Oddny akajibu. "Na umeukausha wewe."

Mzee alitabasamu bila kumtazama, bunduki ikiwa mapajani. Walikuwa wamekaa kwenye kituo chao cha kungojea, ukingoni mwa kinamasi kilichoshika barafu. Wawindaji wengine wa kikundi nao walikuwa kila mmoja kwenye kituo chake, wakimngoja elgi, yule kulungu mkubwa wa misitu ya kaskazini. Kibali cha mwaka cha kuwinda kilikuwa kimebakiza dume mmoja aliyekomaa. Asmund, kiongozi wa kikundi, alikuwa ameshaangusha madume wengi. Pembe zao zilijaza ukuta mzima wa ghala lake.

Jioni wenye misitu ya bonde lote wangepiga kura. Pendekezo lilikuwa la Oddny, mtoto wa kaka yake na daktari wa mifugo wa bonde: madume wakubwa waachwe kwa misimu mitatu, wawindwe ndama na madume wachanga. Kila mtu alikuwa akimpiga kwanza mwenye pembe kubwa, kwa hiyo madume waliokomaa walikuwa wamepungua. Majike wakakosa wa kuwapanda kwa wakati, ndama wakachelewa kuzaliwa, na theluji ikawakuta wadogo. Lakini elgi hajui mpaka wa shamba. Msitu wa Asmund ulikuwa katikati ya bonde, na bila yeye kanuni hiyo ingekuwa porojo: dume aliyeachwa huku angepigwa kule.

"Ndama mwembamba anaweza kuwa wa kiangazi kibaya," mzee alikuwa amemwambia asubuhi. "Usiniletee mizani kunifundisha msitu."

Pingamizi hilo lilikuwa la haki, na ndiyo maana lilimuudhi Oddny. Uzito wa ndama alikuwa ameupima. Sababu ya uzito huo alikuwa hajawahi kuiona kwa macho yake.

Ndipo mlio ukatoka ng'ambo ya kinamasi, mrefu, wa puani, ukapanda na kushuka kama wa mtu anayelia usingizini.

Asmund akamshika mkono. "Umesikia?"

"Jike."

"Najua ni jike. Huu mwezi gani?"

Oddny alielewa anachoulizwa. Joto la elgi, yaani majira yao ya kupandana, huisha mapema Oktoba. Jike anayeita wakati majani yote yameshaanguka ni yule ambaye joto la kwanza lilimpita bila dume, likamrudia.

Dume akajibu kwa mkoromo mfupi, kisha mwingine, kila mara karibu zaidi. Matawi yalivunjika. Alipotokea kati ya misonobari, Oddny, aliyepasua elgi wengi na kujua jina la kila mfupa wao, alisahau kupumua. Kimo cha dume huyo kilizidi cha farasi yeyote wa bondeni. Mvuke ulimtoka mwili mzima, hata ikawa kama msitu unafuka moshi nyuma yake. Vipande vya magome vilining'inia kwenye pembe zake pana. Alichimba shimo kwa kwato za mbele, udongo mweusi ukiruka juu ya barafu, akalikojolea, akalikanyaga mpaka tope likamrukia kidevuni. Harufu kali iliwafikia pale walipokaa. Jike akaja mbio, akamsukuma kwa kumbo, akajigaragaza ndani ya shimo lile. Ardhi ilitetema chini ya buti zao.

Asmund alikuwa ameshainua bunduki. Hakuna kanuni iliyomkataza siku hiyo. Oddny alikitazama kidole kilicholala kando ya kifyatulio.

Mtutu ukashuka polepole.

"Nimewapiga wangapi?" mzee alinong'ona. "Na hata mmoja sikumwacha amalize kazi yake."

Redio ya mawasiliano ikakwaruza masikioni mwao. Ilikuwa sauti ya Steinar, mwindaji mwenzao na mwenye msitu wa ng'ambo ya kijito. "Mzee, nasikia vurugu huko kwako. Mbona kimya? Bunduki imeota uyoga?"

"Yupo. Sipigi."

"Acha utani!"

"Jike anaita, Steinar. Sasa hivi, Oktoba inaisha. Hesabu mwenyewe ndama atazaliwa lini."

Wawili wale walikuwa wameanza kutembea, jike mbele, dume nyuma, wakielekea kijitoni.

"Wanakuja kwako," Asmund akasema. "Kibali kipo."

Oddny aliziba redio yake kwa kiganja. "Mkataze, ami! Wewe ndiye kiongozi."

"Nikimkataza sasa, jioni atapiga kura kwa hasira. Tulia."

Walingoja mlio wa risasi. Barafu ilipasuka mahali fulani kinamasini, Oddny akashtuka kana kwamba amepigwa yeye. Kisha kimya tena, kirefu kiasi cha kuhisi baridi ikipanda magotini.

Steinar aliporudi redioni, mzaha ulikuwa umemwisha. "Amesimama mbele yangu. Namsikia anavyopumua." Kisha, baada ya muda: "Amepita. Mungu wangu, nyie, amepita."

Oddny aliondoa kiganja kwenye redio.

"Nani yuko kituo cha mtoni?" Steinar akauliza. "Wanashuka huko. Wewe uliye hapo, tafadhali, usipige."