Kofia ya Taa

"Taa yako hiyo inafaa kaburini," alisema Doña Casilda, akisukumiza gauni la tatu ndani ya sanduku. "Maiti hawajikwai."

Evaristo, fundi wa pasi na redio, alifungua tena kifuniko cha chupa ya jemu ya mapera. Betri ndogo, nyaya mbili, balbu kama punje ya mchele. Na juu ya kifuniko, kibao cha sola kilichokaa mithili ya kiraka kwenye suruali. Kila kiungo kilikuwa kizima. Hata hivyo, hii ilikuwa jioni ya tatu taa inagoma, ingawa kutwa ilikaa dirishani juani.

Tangu mkewe afariki, nyumba ile ya mbao ilikuwa na watu wawili: yeye na Doña Casilda, mama wa marehemu. Wiki iliyopita mama alijikwaa akienda chooni uani. Aliapa kwamba asipopata mwanga kufikia Jumamosi, angehamia mjini kwa Rigoberto, mkwe wake mwingine, mwenye jenereta. Jumamosi ilikuwa kesho. Evaristo alijaribu kuiwazia nyumba bila masimango yake. Akakaza tena nyaya ambazo hazikuwa zimelegea.

"Kwa Rigoberto hata kuku wanalala na taa."

"Ndiyo maana hawatagi, Mama."

Asubuhi aliiweka chupa dirishani, akaenda kwa jirani kutengeneza pasi. Alikuwa amesahau bisibisi. Aliporudi kuichukua, alisimama mlangoni, mdomo wazi. Chupa ilikuwa imevaa kofia: kofia ya uzi mweupe, iliyofumwa kwa mkono na kukazwa kwa maji ya sukari hadi marinda yakasimama, ndugu wa zile zilizovikwa redio, mtungi wa gesi na ndoo ya maji ya kunywa.

"Mama! Nani kaivisha taa?"

"Mimi. Tangu siku ya kwanza. Ukitoka naivisha, ukikaribia kurudi naivua, usije ukavimba kichwa."

"Inakula jua hiyo! Umeinyima chakula siku tatu!"

"Sasa ningejuaje? Kitu kizuri hakiachwi uchi dirishani, vumbi lote hili..."

Alikatiza, kama mtu aliyeng'ata ulimi. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna kazi ya mikono ya Evaristo iliyowahi kuitwa nzuri chini ya paa lile.

Nje, honi ya Rigoberto ililia.

Casilda aliivua chupa kofia, akachukua mkasi, akaitoboa katikati. Kisha akaketi juu ya sanduku lake, akashika sindano ya kufumia, akaanza kuuzungushia ukingo ule mwanya wa kibao.

Honi ililia tena.

"Nimwambieje, Mama?"

"Asubiri nimalize mzunguko huu. Na usinisemeshe, nahesabu."

Dirishani chupa ilibaki kichwa wazi, ikinywa jua. Casilda alifika mshono wa kumi na tisa, akautazama kwa muda, akaufumua mzunguko wote, akaanza tena: moja.