Semisi Ndani ya Ukuta

Mechi iliyotutoa kwenye mashindano ya visiwa ilianza saa nane na dakika tano mchana, siku ya Jumamosi, na mpaka saa tisa na robo ilikuwa haijaisha, kwa sababu binamu yangu Semisi alikuwa ndani ya ukuta.

Sisemi kwa mafumbo. Mtu wake wa kwenye gemu, yule mwenye ovaroli ya njano, alikuwa amezama katika ukuta wa kiwanda cha samaki wa makopo, kichwa na bega moja tu vikiwa nje. Muuaji alikuwa amesimama mbele yake na shoka. Alipopiga, shoka lilipita kama linakata moshi.

Tulikuwa timu ya watu wanne. Mimi, Taraivini, nauza dawa kwenye duka moja hapa Lautoka, magharibi ya kisiwa chetu, na nilikuwa kapteni kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kujaza zile fomu. Prashila nafanya naye kazi kaunta moja. Tulichezea nyumbani kwake, kwenye meza ya chakula, kompyuta nne zikiwa zimebanana, kwa sababu mtandao wake haukatikikatiki kama wangu. Wa tatu alikuwa baba mkwe wake, Mzee Sewak, mwenye miaka sitini na nane, fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha sukari. Wa nne ndiye Semisi, mtoto wa mjomba wangu, mpakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Nadi. Kwetu, mtoto wa mjomba ni mtani wako tangu mnazaliwa. Anaweza kukuambia lolote, na wewe huruhusiwi kununa.

Gemu lenyewe si gumu kulielewa. Manusura wanne wamefungiwa mahali pamoja na muuaji mmoja, ambaye naye ni mtu kama wewe, ameketi kwake mbele ya kompyuta. Kuna pampu tatu mbovu. Mkizitengeneza zote, lango linafunguka. Muuaji akikupiga mara mbili unaanguka, anakubeba, anakutia kizimbani, na wenzako wanaweza kukufungulia mara moja tu. Akitoka hata mmoja wenu, mmeshinda. Hakuna saa inayohesabu. Mechi inaisha watu wakitoka, wakikamatwa wote, au mtu akijitoa, na anayejitoa ndiye aliyeshindwa.

Mzee Sewak aliingia kwenye gemu hili kwa kumkosoa mkwewe. Alisimama nyuma ya kiti chake siku moja akasema huyo mtu wake wa kwenye gemu anashika spana kama mwiko. Prashila akamwachia kiti, na tangu siku hiyo hakukirudisha. Ilibidi anunuliwe kompyuta yake. Hakimbii. Hajawahi kukimbia hata mara moja. Kwenye mechi ya kwanza ya mashindano, dhidi ya muuaji wa Suva, sisi watatu tulikuwa tumeshakamatwa, naye amechuchumaa kwenye pampu ya mwisho. Muuaji alipita hatua mbili kutoka mgongoni kwake, akarudi, akapita tena. Mzee hakuacha kazi wala hakutikisika. Pampu ikawaka, naye akatoka langoni kwa mwendo wa mtu anayetoka zamu. Siku hiyo Semisi alimbeba mzee wa watu mpaka barazani, na Prashila akamgombeza kwa sababu ya mgongo wa mzee.

Kwa hiyo mjue kwamba tulikuwa na uwezo wa kushinda bila ujinga.

Ujinga Semisi aliupata kwenye video ya jamaa mmoja wa Brisbane. Kwenye ramani ya kiwanda cha samaki, ukiburuta sanduku hadi chini ya dirisha la tatu, ukapanda, na ukachuchumaa huku unageuka kushoto, gemu linachanganyikiwa, linakuweka ndani ya ukuta. Muuaji anakuona lakini hakugusi. Semisi aliijaribu mbinu hiyo kwanza kwenye mechi ya kawaida. Yule muuaji, sijui alikuwa nani, alivumilia dakika kumi, akatuandikia matusi kwa lugha ambayo nashukuru siijui, kisha akajitoa. Semisi akanyanyua mikono.

"Umeshinda nini?" Mzee Sewak akamuuliza.

"Mechi, mzee."

"Mechi ipi? Sikuona mtu akicheza."

Nilimtoa Semisi nje nikamwambia kwenye mashindano asithubutu. Kanuni ya tisa inakataza kutumia kasoro za gemu, na sahihi kwenye fomu ni yangu. Akaniambia nina roho ya karani. Nikamwambia aape. Akaapa, mdomo umejaa muhogo.

Haya. Nusu fainali. Muuaji wetu alikuwa Kelepi, mwalimu wa hesabu wa Nuku'alofa, Tonga, na alikuwa mzuri, si utani. Alikuwa akikukaribia bila haraka, kama anasahihisha madaftari. Tuliwasha pampu mbili. Alimkamata Prashila, kisha mimi. Mzee Sewak akaja kunifungulia, Kelepi akatukamata wote wawili pale pale kizimbani. Alibaki Semisi peke yake na pampu moja, na mkimbiaji kama Semisi hapa magharibi hakuna. Mimi nilikuwa na imani naye kabisa.

Kisha nikaona kwenye kioo chake anaburuta sanduku.

"Semisi, hilo sanduku la nini?"

"La kujificha."

"Semisi."

"Binamu, niache nifikirie."

Akapanda, akachuchumaa, akageuka. Ukuta ukammeza.

Prashila alivua hedifoni akaziweka mezani taratibu sana. Mimi nilisema mengi, na mengine siyarudii hapa maana mama yangu anasoma.

"Toka humo," nikamwambia mwishowe.

"Nikitoka atanikamata."

"Ndiyo mchezo wenyewe, mjinga wewe."

"Dakika kumi tu. Atachoka, atajitoa, tunaingia fainali. Utanishukuru."

Kelepi hakuchoka. Dakika ya kumi alikuwa anapiga. Dakika ya ishirini aliacha kupiga, akateremsha shoka, akasimama tu. Mwamuzi wetu, dada mmoja wa Suva anayeitwa Mereoni, aliandika kuuliza kinachoendelea. Nikamjibu kwamba manusura wetu anajihami. Nilijiona mchafu nilipoandika hivyo, lakini niliandika.

Dakika ya arobaini Prashila alipasha dengu moto, tukala. Semisi hakula, alisema hawezi kuacha kibodi. Nje kulikuwa na joto lile la msimu wa kukamua miwa, majivu ya kiwandani yanaangukia nguo kwenye kamba, na mimi Jumamosi yangu ya pekee ya mwezi nimeketi namtazama mtu ndani ya ukuta akitazamwa na mtu mwenye shoka.

"Una roho ngumu wewe," Prashila akamwambia. "Mimi ningeshaona aibu."

"Huu ni msimamo," Semisi akasema.

Mzee Sewak alikuwa amemaliza kula, anapangusa vidole. Hakuwa akitazama kioo. Alikuwa akitazama mkono wa Semisi.

"Kijana," akasema, "mbona unabonyeza kwenda mbele?"

Semisi akautoa mkono kwenye kibodi.

"Tangu tunaanza kula unabonyeza. Mbele, nyuma, kuchuchumaa, kuruka. Umeanza lini kujaribu kutoka?"

Feni ikazunguka. Semisi akasugua paja lake kwa kiganja.

"Dakika ya ishirini hivi," akasema.

Nikamwambia arudie, nikidhani sikusikia vizuri.

"Nilitaka kutoka, binamu. Jamaa alipoacha kunipiga niliona haina maana. Nikasema nitoke, nikimbizane naye. Ukuta hauniachii. Nimejaribu kila kitu."

"Na huo msimamo?"

Sasa hapo ndipo nilipochoka kwelikweli. Mtu anavunja kanuni, anavunja kiapo, na hata uovu wenyewe hawezi kuufanya sawasawa. Nusu saa nzima alikuwa amekwama kama panya kwenye bomba, akaona afadhali tumwone mkaidi kuliko tumwone mjinga.

Wakati ule ule Mereoni akaandika tena. Alisema kama gemu limemkwamisha mchezaji kwa bahati mbaya, anaweza kuifuta mechi na tukarudia saa kumi. Ila anahitaji neno la kapteni.

Semisi aliusoma ujumbe akichungulia juu ya bega langu. "Mwambie ndiyo," akasema polepole. "Si uongo. Si nimekwama?"

"Hukukwama," Mzee Sewak akasema. "Uliingia."

"Mzee, tukirudia tunashinda. Unajua tunashinda."

"Najua."

Nitasema ukweli. Nilianza kuandika: *Ndiyo, ni bahati mbaya.* Nilitaka hiyo fainali. Nilikuwa nimejaza fomu, nimebadilishana zamu mara tatu, nimewabembeleza watu wazima watatu kila wiki wafike kwa wakati. Prashila aliona ninachoandika, akageuza uso akaanza kukusanya sahani. Hakuna aliyenizuia. Hilo nalo liliniudhi. Nilitamani mtu anizuie ili nimlaumu.

Kabla sijatuma, kipaza sauti cha Kelepi kikafunguka. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake, nzito na ya upole.

"Kapteni wa Lautoka, samahani. Huyo ndugu yenu mwenye njano ni mzima?"

Nikamwambia ni mzima. Nikamuuliza kwa nini.

"Ameacha kugeuza kichwa zamani. Nikadhani labda ameanguka huko kwake, au amepatwa na jambo, na yuko peke yake. Ndiyo maana sikujitoa. Nikasema nikitoka, nani atajua?"

Semisi alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemuiva.

Nilifuta nilichoandika. Nikafungua kipaza sauti changu, nikamwambia Kelepi yote, na Mereoni naye akisikia: sanduku, dirisha la tatu, ile mechi ya nyuma, na kwamba nilijua alichofanya Semisi tangu dakika ya kwanza nikaficha. Sauti yangu ilikuwa kavu kama ninamsomea mgonjwa maelekezo ya dawa.

"Ahsante," Kelepi akasema. "Basi mwambie azime. Nina mazoezi ya kwaya."

Kuzima ilibidi Semisi azime mwenyewe. Alishika kipanya, akatulia.

"Kwa hiyo nimekaa humu saa nzima bure," akasema.

"Na sisi pia," Prashila akamjibu kutoka jikoni.

Akabonyeza. Tukashindwa. Mereoni aliandika kwa adabu kwamba timu ya Lautoka imeondolewa, mchezaji Semisi asionekane kwenye mashindano mpaka mwaka uishe, na kapteni amepewa onyo la maandishi. Ninalo mpaka leo. Mimi, ambaye sijawahi kupewa onyo hata na mwalimu wa shule ya Jumapili.

Semisi aliondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata tulikutana kwenye msiba wa shangazi yetu kijijini, akanipitishia kikombe cha chai na kusema, "Karibu, dada." Dada. Mtani wangu wa kuzaliwa, ambaye hata kanisani huniita Kichwa cha Boga, ananiita dada kama mtu wa ofisini. Nilijua amenikasirikia sana. Na mimi nilikuwa nimemkasirikia yeye, kwa hiyo tukakunywa chai.

Wiki tatu tulicheza watatu, na mtu yeyote wa nne ambaye gemu lilituletea, na tukapigwa kila mara. Halafu wenye gemu wakatoa toleo jipya. Ule ukuta waliuziba. Walipouziba wakaharibu sakafu ya chumba cha pampu, na sasa mtu akichuchumaa kutengeneza, anazama hadi kiunoni. Mzee Sewak aliwaandikia barua ya kurasa mbili yenye mchoro. Hawajajibu.

Jumamosi ya nne Semisi alitokea mlangoni na kompyuta yake kwapani. Alimsalimia mzee, akamsalimia Prashila, akaketi mahali pake kama mtu aliyekwenda msalani akarudi. Nilimwacha. Alikula roti mbili ndipo akasema, bila kunitazama, kwamba amekuwa akicheza na Kelepi.

"Kelepi yupi?"

"Wa Tonga. Nilimtafuta. Nilimwambia tucheze mechi za kawaida, mimi na yeye, bila ukuta. Tumecheza kumi na moja."

"Ukashinda ngapi?"

Alimega roti nyingine. "Anasema nakimbia vizuri."

"Semisi, ukashinda ngapi?"

"Moja," akasema. "Na siku hiyo umeme ulikatika kwao."

Prashila alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka, nilikuwa bado na hasira zangu na sikuwa tayari kuzitoa bure. Nilimuuliza kama hiyo moja aliihesabu.

"Nilimwambia aifute," Semisi akasema. "Akakataa. Watonga wabishi sana, wewe Kichwa cha Boga, hujui tu."

Tukafungua gemu. Dakika ya nne Mzee Sewak alikuwa amezama sakafuni, spana mkononi, anaita mtu amlindie mgongo.