Msimtulize

Shemeji alizimia kwenye foleni ya dirisha la dawa, akazinduka tulipokuwa tunamlaza kitandani. Nilimbandika nyaya za mashine ya kupimia moyo, kazi ninayoifanya kila siku. Karatasi ilipotoka, niliisoma mara mbili.

Dada yangu alimfunika mumewe shuka. "Pumzika, baba watoto. Funga macho."

"Asifunge," nilisema. "Msimtulize."

Shemeji hunywa vidonge vya kuzuia moyo usidunde ovyo. Dawa ile huziba vijilango ambavyo madini ya potasiamu hupitia kutoka kwenye seli za moyo, hivyo kila seli huchelewa kidogo kuwa tayari kwa pigo jingine. Kuchelewa huko ndiko tiba. Lakini alikuwa ameharisha siku kadhaa, potasiamu imemwishia mwilini, na kidonge hakuruka hata kimoja. Sasa kuchelewa kulikuwa kumepita kiasi. Tena dawa hii hubana zaidi moyo unapokwenda polepole. Kituo kimoja kirefu kati ya pigo na pigo, na moyo ungetetemeka tu bila kusukuma damu.

Daktari aliyeiona karatasi alikuwa amekwenda stoo kuchukua magnesiamu, dawa ya kuuzuia moyo usitetemeke. Mwenye ufunguo alikuwa bado anatafutwa.

Kwenye kioo cha mashine mapigo yalikuwa hamsini kwa dakika, yakishuka.

"Shemeji," nilisema, "ile meza uliyonitengenezea bado inacheza dansi. Wewe ni seremala kweli?"

Alifumbua jicho moja. "Sakafu yako ndiyo imepinda."

Hamsini na nane.

"Dada, mchokoze."

"Mtu yuko hivi, nimchokoze?"

"Ndiyo maana."

Alinitazama kana kwamba mimi ni mwehu, kisha akamwinamia mumewe. "Viatu ulivyovaa siku ya kunioa vilikuwa vya kuazima."

"Nani kakuambia?"

"Ulitembea kama bata aliyekanyaga makaa!"

"Vilikuwa vyangu! Vilibana tu!" Aliinua kichwa. Sabini na tano.

Dada akacheka, naye akacheka, kisha wote wakanyamaza. Kwenye kioo mapigo matatu yalipinda kama uzi unaosokotwa, yakanyooka tena. Dada hakuyaona.

"Nimeishiwa," alininong'oneza.

"Huwezi kuishiwa. Mmeoana miaka mingapi?"

Daktari aliingia akihema, chupa mkononi. Dripu ilipoanza kudondoka, dada alikuwa amefika kwenye visa vya mama mkwe, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache.