Mito Miwili

Ukitamka neno mto, watu wengi huona maji. Yeye aliona pamba. Tangu alipoolewa alikuwa akishona mito ya vichwa, ya makochi na ya migongo mibovu, na kazi ikamwingia hata jina lake likasahaulika. Alikuwa Mama Mito, basi. Na mito yake ilikuwa myekundu, wekundu uliokolea, usiochuja, wa kumfanya mpita njia asimame akumbuke kwamba shingo inamuuma. Rangi hiyo aliichemsha mwenyewe kwenye pipa nyuma ya karakana. Viganja vyake vilikuwa vimeinywa kwa miaka mingi mpaka sabuni ikakata tamaa, na mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, kila akirudi nyumbani humwuliza leo amechinja nini.

Aliyeleta habari ni wifi yake, dada wa huyo dereva, aliyeshona naye karakanani. Wifi alikuwa na masikio mapana na ulimi mrefu, na kati ya viwili hivyo mambo mengi yaliharibika. Asubuhi moja gari la matangazo lilipita likinguruma kwamba wote wenye shughuli za mito wafike ukumbi wa halmashauri. Yaliyofuata yalimezwa na cherehani.

"Wifi, serikali inatafuta mito," alisema, akiinua mguu kwenye kanyagio.

"Nani kakuambia?"

"Gari. Wote wenye shughuli za mito waende. Hiyo ni ya hospitali, nakwambia. Wagonjwa wanalalia mashuka yaliyokunjwa."

"Na wewe umekaa tu?"

"Mwenye mito si wewe? Mimi nasukuma sindano."

Mama Mito alichagua miwili, mizuri kuliko yote, akaifunga kwa nailoni, akatoka.

Ukumbini aliwakuta waosha magari, wachimba mchanga, wafyatua matofali na wakulima wa mboga wamejaa kwenye viti vya plastiki hadi mlangoni. Akashangaa. Mchimba mchanga na zabuni ya mito wapi na wapi? Lakini siku hizi kila mtu ni fundi wa kila kitu, akajisemea, akaketi safu ya mbele, mali yake mapajani.

Aliyesimama kuzungumza alikuwa mkaguzi wa mazingira, mwanamke aliyekaribia kustaafu, mwenye mkoba uliogongana kwa ndani kila alipousogeza. Watu walimwita Bi Chupa, kwa kuwa hakuonekana popote bila chupa zake za kuchotea maji. Aliegemea meza kwa mkono mmoja, kama mtu ambaye mgongo wake haumtakii mema.

"Tuambiane ukweli," alianza. "Mito yetu ina hali mbaya. Imejaa takataka."

Mama Mito akatikisa kichwa kukubali. Aliwajua kwa sura mafundi wanaoshindilia viraka vikuukuu ndani ya mto na kusema ni pamba.

"Inanuka. Mtu hawezi hata kuisogelea."

Hilo nalo kweli. Viraka vikipata unyevu hunuka.

"Na wapo wanaoiharibu kwa rangi."

Hapo alishindwa kuvumilia. Alisimama.

"Samahani, mheshimiwa. Kwa takataka na harufu tuko pamoja. Lakini rangi si kosa, rangi ndiyo inayouza mto. Hii hapa ya kwangu. Weka pua, weka shavu. Hainuki wala haichuji."

Ukumbi ulicheka mpaka mfyatua matofali mmoja akateleza kitini. Mama Mito alitazama nyuma, akatazama mbele, na hapo ndipo alipoliona bango ukutani, lenye picha ya maji yakipita chini ya daraja. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na mito yake yote miwili.

Bi Chupa peke yake hakucheka. Aliwangoja watu wamalize, kisha akasogea karibu, akaminya kona ya mto mmoja kwa vidole viwili.

"Kazi nzuri," alisema. "Rangi unaichemsha mwenyewe, mama?"

"Mwenyewe."

"Na maji yakishamaliza kazi, unayamwaga wapi?"

Mama Mito alikuwa na kasoro zake, lakini uongo haukuwa mojawapo. Tena alikuwa ameshaaibika kiasi kwamba ukweli usingemwongezea kitu.

"Mtoni," akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Kesho yake Bi Chupa alifika karakanani na mkoba wake unaogongana. Alizunguka nyuma, akaliona pipa juu ya mafiga, akaufuata mfereji ambao dereva aliuchimba kwa mikono yake siku za mwanzo za ndoa, mpaka ulipoishia majini. Juu ya mfereji mto ulikuja mweupe. Chini yake ulikwenda mwekundu kuelekea kiwanda cha mablanketi, ambacho bomba lake lilitokeza kwenye ukingo, mbele kidogo.

"Sheria inasema hakuna mtu atakayemwaga rangi, mafuta wala sumu mtoni," alisema, "na pipa kama hili haliruhusiwi karibu na ukingo. Utalizima leo, mama. Mpaka upate mahali mbali na maji, na kibali."

Mama Mito alihisi damu ikimpanda. Ana pipa moja. Nyumba nzima inakula kwenye pipa hilo.

"Na hao hapo chini?" akauliza. "Bomba lao linatapika mchana kutwa, na ni wekundu huu huu. Tuliambiwa sheria ni msumeno, unakata mbele na nyuma. Huu wako naona una meno upande mmoja."

Wifi, aliyekuwa amejificha mlangoni, alikohoa kwa furaha. Bi Chupa hakukasirika. Aliifudikiza ndoo, akaikalia polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Niliwapeleka kwenye baraza la mazingira," alisema. "Nilichota maji juu ya bomba lao, nikachota na chini. Meneja wao hakuleta hata wakili. Alisimama akasema: maji hutufikia yakiwa mekundu tayari. Wajumbe wakatazama chupa zangu. Zote nyekundu. Nikashindwa."

"Alidanganya."

"Hapana. Alisema kweli. Maji yanamfikia mekundu, kwa sababu yako. Ya kwako ni kidogo, ya kwake ni bahari, lakini kwenye chupa wekundu ni wekundu. Baraza likaniambia nirudi siku nitakapoweza kuonyesha yupi ni yupi."

Mama Mito alikitazama kiwanda, kisha akalitazama pipa. Alikuwa amekilaani kiwanda kile sokoni, njiani, hata kwenye misiba ya watu.

"Kwa hiyo mimi ndiye blanketi lao," akasema.

"Wewe ndiye blanketi lao."

"Sasa unaniomba au unaniamuru?"

"Kukuamuru ni kazi ya sheria. Kukueleza ni kazi yangu. Usipozima nitakushtaki, nisikufiche. Lakini ukizima, mto utaweza kusema wenyewe."

Mtu anayekwambia mambo mawili hayo kwa pumzi moja, na mgongo unamuuma, ni vigumu kumchukia. Mama Mito aliingia ndani, akatoka na mto mmoja kati ya ile miwili ya ukumbini, akamsogezea mgongoni. Bi Chupa aliurudisha kwa mikono yote miwili.

"Mgongo unautaka sana," alisema. "Mkono ndio umekatazwa. Kesi ikiisha nitakuja mwenyewe."

Pipa likazimwa. Mama Mito akawa anashona mito myeupe, na myeupe haikumsimamisha mpita njia yeyote. Muuza samani, aliyekuwa akibeba karibu kila kilichotoka karakanani, aliugeuza mmoja mkononi kama mtu aliyepewa samaki asiyemwamini.

"Huu ni wa wagonjwa," akasema.

"Basi hospitali tumeipata," wifi akajibu, lakini utani wenyewe haukuwa na chumvi.

Iliuma. Kuna siku cherehani moja ilifunikwa kitambaa tangu asubuhi, na Mama Mito alijiuliza kama hakufanywa mjinga na mwanamke mwenye chupa. Kisha muuza samani akarudi na habari ya nyumba ya wageni iliyokuwa ikifunguliwa: makochi mengi, mito mingi, yote myekundu, na kwa haraka. Alipoondoka, wifi aliinuka. Alikwenda nyuma, akapanga kuni chini ya pipa, akawasha.

"Mara moja tu, wifi," alisema alipofumwa. "Tupate tumalize. Mto utajua?"

Mama Mito alimpita. Aliteremka mpaka mfereji ulipoishia, akachuchumaa. Hakuwa ameshuka pale tangu pipa lizimwe. Alichokuwa akikijua ni tope la rangi ya ini. Sasa aliona kokoto, moja moja, na kati ya kokoto vidagaa vidogo kama sindano za mkono, vikisimama kinyume cha maji, vikipepesuka na kurudi mahali pake. Alivitazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameishi ukingoni mwa mto huu maisha yake yote ya ndoa, na hakuwahi kuiona sakafu yake. Aliona haya, na chini ya haya aliona furaha asiyoweza kumweleza mtu.

Akapanda, akazitoa kuni motoni moja baada ya nyingine, akazimwagia maji.

"Mto utajua," alisema.

Wifi alinuna mpaka jioni. Siku ya pili alijifanya hakununa, akaenda kukinga mkono majini kuona kama vidagaa vitamjia.

Siku ya ukaguzi wajumbe wa baraza walikuja kwa miguu kufuata ukingo, viatu mkononi. Meneja wa kiwanda alikuja pia, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Mama Mito na wifi yake walisimama kando na majirani.

Bi Chupa aliingia majini juu ya bomba. Aliisuuza chupa kwa maji yale yale ya mto, akamwaga, akasuuza tena, akamwaga, ndipo akajaza. Hakuharakishwa na macho ya watu. Mama Mito alimtazama kama fundi anavyomtazama fundi: huyu naye hakati uzi kabla ya kufunga fundo. Kisha Bi Chupa akateremka chini ya bomba, akafanya vile vile, bila kuongeza wala kupunguza. Akazipanga chupa juu ya jiwe.

Za juu ungeweza kunywa kwa macho. Za chini zilikuwa nyekundu.

Watu wakasogea waone. Meneja akasafisha koo.

"Ndugu wajumbe, huko juu kuna mama anayetia rangi mito yake," akasema. "Humwaga anapotaka. Huenda alimwaga usiku, haya ndiyo mabaki, yameshatupita."

Bi Chupa hakubishana naye. Aligeuka tu.

"Mama Mito, sogea tafadhali."

Alisogea. Hakuwa ameandaa hotuba, na mara ya mwisho aliposimama mbele ya watu alikuwa kichekesho. Basi akafanya lililomjia: alinyosha mikono, akafungua viganja mbele ya wajumbe. Vilikuwa na rangi ya viganja. Hata kwenye mizizi ya kucha hakukuwa na kitu.

"Kila mtu hapa anaijua mikono yangu," alisema. "Mume wangu mwenyewe hunicheka kwamba nachinja. Nimeacha kuchinja. Ile rangi si yangu."

Nyuma yake majirani wakaguna kukubali. Mjumbe mmoja mzee alivishika viganja vile, akavigeuza, akaviachia. Meneja akatazama viatu vyake.

Bomba lilifungwa kwa amri, mpaka kiwanda kijenge mabwawa ya kusafishia maji yake. Lakini jambo ambalo Mama Mito aliwasimulia wateja baadaye, na kulirudia hata wakachoka, halikuwa amri. Lilikuwa lile alilofanya Bi Chupa kabla ya kuondoka. Alizitia chupa lakiri, akachukua moja ya juu na moja ya chini, akampa meneja.

"Hizi ni zako," alimwambia. "Sheria inakupa haki ya kupimisha kwako. Zitunze kwenye baridi, zisiharibike."

Alimwambia kwa sauti ile ile aliyomwambia Mama Mito azime pipa. Hakupandisha, hakuteremsha. Mama Mito alikuwa ameishi akidhani sheria ni ukuta, wengine wanaupanda na wengine unawaangukia. Siku ile aliiona ikiwa na mikono, na mikono yenyewe ilikuwa imelowa mpaka viwikoni, na ilikuwa ikimtendea haki hata aliyeidharau. Alimheshimu mwanamke yule kuliko alivyowahi kumheshimu mtu asiye wa damu yake.

Pipa lilipata makao mapya mbali na maji, karibu na barabara, na shimo la kuchujia, na kibali kikaning'inizwa juu ya cherehani. Wekundu ukarudi, na muuza samani akarudi nyuma yake, akijifanya hakuwahi kuondoka.

Asubuhi moja Bi Chupa aliingia karakanani. Kilichowashangaza ni ukimya wake. Mkoba haukugongana.

"Chupa ziko wapi?" wifi akauliza.

"Nimemkabidhi mwingine. Nimestaafu." Aliketi kwenye kiti cha wateja, akatoa pesa na kuziweka juu ya meza kabla hajaulizwa. "Na kesi imeisha, rufaa yao imetupwa. Nimekuja kununua mto."

Mama Mito alitaka kuzirudisha zile pesa, akamtazama usoni, akaziacha zilipo. Akageukia rafu. Maneno yaliyomtoka yalikuwa yale yale anayomwambia kila mteja.

"Mto gani, dada? Ipo ya kichwa, ipo ya kochi."

"Wa mgongo," Bi Chupa akasema. "Ule mwingine, wa maji, ulishanipa."