Koo Zima

Sauti yangu ilikuwa inaishia mlangoni mwa darasa la saba. Ofisini nilipiga soga, nyumbani nilifoka kama kawaida, lakini nikishika chaki tu, koo linaziba na kunatoka kimluzi cha kuchekesha. Hiyo ilikuwa wiki ya pili.

Mke wangu akanikokota kwa daktari, akaeleza kuwa sauti hunikatika darasani tu. Daktari, mama mmoja, akanimulika kooni, akanipapasa shingo, akazima tochi.

"Koo zima, Mwalimu."

"Kwa hiyo najifanya?" Nikawaka, tena kwa sauti safi kabisa.

"Nyumbani anaongea mpaka majirani wanaitikia," mke wangu akadakia.

Daktari hakucheka. "Hujifanyi. Sauti inakatika kweli, ila ugonjwa haukuanzia kooni. Huko darasani kulitokea nini?"

Nikasema hakuna kitu. Uso ulikuwa unaniwaka.

Nilijua fika. Kalamu yangu ya wino, zawadi ya mke wangu huyo huyo, ilipotea mezani. Nikamshuku msichana wa dawati la mbele kwa sababu tu alikuwa karibu. Nikapindua mkoba wake mbele ya wenzake, vikamwagika hata vile vitu ambavyo msichana hamwagiwi mbele ya wavulana. Wakacheka. Kalamu haikuwemo, nami bila haya nikasema ameshampa mtu. Tangu siku hiyo wanamwita Kalamu.

Jioni ile ile niliipata. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye bitana ya koti, kimepenya tundu la mfuko. Nikanyamaza. Mwalimu mzima, miaka ishirini na mbili kazini, nimwombe radhi mtoto? Nilijiambia yatapita. Nilikuwa naona aibu, basi.

Kesho yake baada ya daktari nikasimama mbele ya darasa, kalamu mkononi.

"Hii kalamu haikuibwa," nikasema kwa sauti ya mtu anayekabwa. "Ilikuwa kwenye koti langu, na nimejua tangu siku ile. Mwenzenu nilimsingizia. Nisamehe, mwanangu."

Msichana akasimama taratibu, mikono nyuma, kwa adabu zake zote. Akanitazama usoni.

"Mwalimu, rudia kwa sauti," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia. Safari hii hata darasa la jirani walisikia.