Watu Watano

Mapendo alijua kuhesabu mpaka mia kwa Kijapani kabla hajatoa hata chozi moja kwa ajili ya kaka yake. Watu wa mtaa wao wa Bagira walilisema hilo bila kujificha, maana ulimi hauna mfupa. Kaka amepotea mwaka mmoja na miezi miwili, walisema, naye anabeba daftari kwenda kujifunza lugha ya watu ambao hata njia ya kufika kwao hatuijui. Moyo wa jiwe! Mapendo aliwasikia na hakukasirika. Tangu Guy apotee, mambo yalimfikia kama ugomvi wa nyumba ya jirani: kelele anazisikia, lakini hazimhusu.

Guy alikuwa dereva wa teksi. Gari lake lilitoka Japani, usukani upande wa kulia kama mengi ya mji huu, na kila alipoliwasha sauti ya mwanamke ilisema maneno ya Kijapani mahali fulani chini ya usukani. Hakuna fundi aliyeweza kuinyamazisha. Guy aliijibu kila asubuhi, "Ndiyo, maman, nimesikia," kisha akaondoka. Siku moja alipata wateja wawili wa kwenda Bunyakiri. Siku ya tatu gari lilikutwa mbele ya Bunyakiri, kwenye njia ya Hombo, milango yote minne wazi na ufunguo mahali pake. Damu hakuna. Wateja hakuna. Guy hakuna.

Baba yao, Papa Stanislas, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alizunguka ofisi, hospitali, na mahali pengine ambapo mtu mwenye akili zake haendi kuuliza. Aliporudi mara ya mwisho alivua viatu mlangoni, akakaa ndani siku mbili. Siku ya tatu akalitamka neno ambalo kila mtu nyumbani alikuwa akilikwepa: mgomba.

Kwao, mtu akipotea na mwili wake usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo zake na kulazwa kaburini badala yake. Padri akikubali, anasali. Asipokubali, watu wanasali wenyewe. Lakini shamba la ukoo liko kijiji cha Miti, na mwenye kulilinda ni kaka mkubwa wa Papa Stanislas, muzee Jean-Marie, mtu asiyependa kazi ya nusunusu.

"Mi siwezi fungua udongo," muzee alisema, "na mutu moja wa nyumba angali anamungojea. Muitike bote, kisha mukuye kuzika."

Mama yake Guy, maman Adolphine, aliitika akilia. Ornella, mke wa Guy, aliitika kwa kichwa tu. Mapendo alisema hapana.

Alisema hapana mwezi ule, na uliofuata, na uliofuata, kwa sauti ileile ya kukataa chumvi mezani. Walidhani anaamini Guy yuko hai. Kusema kweli hakuamini hivyo. Hakuamini pia kwamba amekufa. Alikuwa ameketi katikati, na moyo wake umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na aliogopa kuugusa.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hao hawakupata kulala nyumba ile. Koti la Guy lilining'inia kwenye msumari wake, sahani yake ilioshwa pamoja na nyingine ingawa hakuna aliyeilia, na Ornella alilala upande mmoja wa kitanda kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi. Nguo za mjane hakuruhusiwa kuvaa, na za rangi aliona haya. Miezi kumi na minne alivaa sketi ya kijivu. Hakumwomba Mapendo kitu hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa baya.

Tangazo la Kijapani Mapendo aliliona kwenye ubao wa chuo kikuu, alipokuwa mwaka wa tatu wa sheria. Mafunzo ya kuanzia, bure, Jumatano na Ijumaa saa kumi. Mwalimu alikuwa Donatien, mtu wa makamo aliyesomea mambo ya udongo huko Japani miaka minne, akarudi na sanduku la vitabu na mapenzi ya lugha ile ambayo mkewe, alisema mwenyewe, aliyaona kuwa ugonjwa. Alitaka aitwe Sensei, yaani mwalimu. Aliwafundisha kuinama kabla ya lolote: unainama, unahesabu kimoyomoyo mpaka tatu, unainuka. Walianza watu thelathini, wakabaki kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa Abedi, ambaye baba yake anauza vipuri vya magari, na ambaye hakuficha kitu: "Miye niko hapa juu ya biashara. Nataka kusemezana na benye magari bila mutu wa katikati."

Walipomuuliza Mapendo, alisema anapenda tu. Ukweli ni kwamba Kijapani ndiyo lugha pekee ambayo hakuna aliyewahi kumpa pole ndani yake. Kiswahili kilikwisha kuchakaa kwa pole, Kimashi pia, na Kifaransa cha paroko ndio usiseme. Katika kitabu cha Sensei, hiki ni kitabu, ule ni mwavuli, mimi ni mwanafunzi. Hakuna aliyepotea humo, na mwavuli ulikuwa na mwenyewe.

Wiki ya tatu alimwigia Sensei ile sauti ya garini, silabi kwa silabi, jinsi alivyoikumbuka. Sensei alicheka mpaka akakaa.

"Iko inasema kadi haijaingizwa! Kadi ya kulipia barabara, kule kwabo."

Mapendo alishukuru, akarudi kitini. Alikuwa ametegemea kwamba siku akiijua maana yake atasikia kitu moyoni, chochote. Kumbe kaka yake aliamka kila siku kumtii mwanamke anayedai kadi. Aliandika neno "kadi" kwenye daftari, akalipigia mstari.

Ndipo likaja somo la tano, familia, na mtihani wake wa mdomo. Mambo yalikuwa mepesi: unasimama, unainama, Sensei anauliza mko wangapi nyumbani, unataja hesabu na watu wenyewe, kisha anakuuliza swali moja juu ya mmoja wao. Abedi alisimama akataja watu tisa, akawachanganya shangazi na bibi, darasa likacheka, akapewa kumi na nne juu ya ishirini.

Mapendo alikuwa amejiandaa. "Gonin desu," alisema. Tuko watu watano. Baba, mama, kaka, mke wa kaka, na mimi. Alilitamka kila neno vizuri, na Sensei alifumba macho kwa raha. Kisha akauliza swali lililofuata kitabuni:

"Oniisan wa doko desu ka?"

Kaka yako yuko wapi?

Maneno yote ya kujibu alikuwa nayo. Nyumbani, kazini, sokoni, benki, posta. Unataja mahali, unaongeza "desu", unakaa. Alifungua mdomo, ukabaki wazi. Sensei hakuwa mtu wa Bagira na hakujua lolote. Alidhani msichana amesahau maneno, akamsaidia kwa moyo mweupe.

"Chagua fasi moja tu, Mapendo. Fasi yoyote. Nyumbani, ku kazi, Goma. Hii iko exercice, haiko polisi."

Darasa lilicheka. Mapendo alisema polepole, kwa Kiswahili, "Sina fasi, Sensei." Sina mahali.

Alipewa kumi na moja. "Juma ijayo utarudilia," Sensei alisema. "Leta fasi tu. Ingine yote unajua."

Jioni ile alirudi Bagira kwa miguu, na njiani alijaribu jibu moja baada ya jingine kwa sauti ya chini. Kaka yangu yuko nyumbani. Hapana. Kaka yangu yuko kazini. Gari limefunikwa turubai uani, kuku wanataga chini yake. Kaka yangu yuko Bunyakiri. Kaka yangu yuko msituni. Hakuna hata moja lililosimama. Alipofika kwenye kilima cha kwanza alielewa jambo, na likamsimamisha pembeni mwa barabara. Alikuwa akidhani kwa kukataa anamlinda Guy asizikwe. Kumbe alikuwa amemwacha palepale njiani, milango minne wazi, mwaka mzima na zaidi. Aliona aibu. Ilikuwa ni mara ya kwanza kusikia kitu moyoni tangu Guy apotee, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kusahau, ilimchukua muda kukitambua.

Alimkuta Ornella uani akikata sombe, majani ya muhogo.

"Yaya," alimwita, kama mtu anavyomwita dada mkubwa, "unapenda tuende Miti?"

Kisu kilisimama. "Mi sikukuomba."

"Najua. Njo maana nakuuliza."

Ornella aliangalia majani mkononi. "Batu bakiniuliza bwana yako iko wapi," alisema, "ninasemaka iko njiani. Nimechoka na ile njia, Mapendo."

Mapendo alimwendea baba yake ndani. "Papa, miye naitika."

Papa Stanislas alivua miwani. "Unaitika nini?" Miaka thelathini na mbili alikuwa amewadai watoto wa watu sentensi kamili, na hakuona sababu ya kumsamehe wa kwake.

"Naitika tuzike Guy."

"Ehe," alisema mzee, akarudisha miwani, ikamkaa upande.

Jumamosi walikuwa Miti. Muzee Jean-Marie alisimama shambani na panga, akauliza Guy alikuwa na urefu gani. Maman Adolphine alisema alifika kwenye kizingiti cha juu cha mlango, Papa Stanislas akasema kizingiti cha mlango gani, ubishi ukaanza. Mapendo alikwenda akasimama kando ya mgomba, akaweka kiganja juu ya kichwa chake, na juu ya kiganja hicho akaweka kingine. "Hapa," alisema. Muzee akakata hapo.

Ornella alikuwa ameleta shati jeupe la kanisani. "Ile alikuwa anaichukia," Mapendo alisema. "Ilikuwa inamubana shingo." Ornella alipasuka kwa kicheko, kicheko hasa, kati ya waombolezaji, mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Wakalivika shina lile koti la msumarini. Mapendo alibeba upande wa mabega. Mgomba ni maji matupu. Ulikuwa mzito kama mtu, na ubaridi wake ulipenya kwenye koti ukamlowesha mikono mpaka viwikoni. Mikono ilimuuma, akajua kwamba inamuuma. Chozi halikutoka. Walifunika udongo, wakasimika msalaba, wakanawa. Ornella aliporudi Bagira alikuwa amevaa nyeusi, na usiku ule alilala katikati ya kitanda.

Jumatano Mapendo aliingia darasani na blauzi ileile aliyoivaa mazishini, kwa sababu ni nzuri na hakuwa na nyingine kama hiyo. Madoa ya utomvu wa mgomba yalikuwa yamegeuka kahawia kwenye mikono, na kila mwenye shamba anajua hayatoki. Sensei alimwita wa kwanza. Alisimama, akainama, akainuka.

"Mko watu wangapi?" Sensei aliuliza kwa Kijapani.

Usiku uliopita alikuwa ameifikiria hesabu hiyo. Aliyezikwa na watu wake bado ni wa nyumba.

"Gonin desu." Watu watano.

"Kaka yako yuko wapi?"

Mapendo aliangalia dirishani, upande wa Bagira na vilima vya nyuma yake.

"Miti desu," alisema. Yuko Miti.

"Ah!" Sensei alipiga meza kwa furaha, akaandika kumi na nane. "Unaona? Haikukuwa kitu ngumu. Ilikuwa kuchagua fasi tu."

Desturi ni kushukuru. Mapendo aliinama, mikono mbele, macho sakafuni, akahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, na hapo ndipo machozi yalipoanza, yakadondoka kwenye vumbi la chaki mbele ya viatu vyake. Darasa lilingoja ainuke. Yeye aliendelea kuhesabu, nne, tano, sita, maana mpaka mia alikuwa anajua.