Mpini wa Mkono wa Nani

Mtaani walimwita Mama Mipini, wala hakuchukia. Mumewe alipofariki alimwachia tupa, msumeno na kigoda, naye akashika kazi palepale mume alipoishia: mipini ya majembe, ya mashoka, na hasa ya visu. Hiyo ya visu ndiyo iliyompa jina, kwa sababu hakubahatisha. Alikanda unga mgumu, akaubandika kwenye ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mti, kisha akamwambia mteja, "Shika kama uko kazini." Mteja akishika, vidole vinaacha alama, na mama anachonga kwa kuzifuata. Kila mkono na mpini wake, alizoea kusema, kama kila mtu na kaburi lake.

Mchana mmoja kitindamimba wake aliingia na kitu amekifunga kwenye kipande cha gunia. Kilikuwa kipande cha msumeno mkuukuu, kimesagwa mpaka kikawa chembamba, na mbele kimetiwa ncha.

"Umekitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mama. Nimepata kazi machinjioni. Kuchuna ngozi."

"Mbona kimekonda hivi? Kina mawazo?"

Kijana alicheka, lakini kicheko kiliishia menoni. "Kitie mpini tu, Mama. Leo leo, kama unaweza."

Mama akabandika unga. "Haya. Shika kama uko kazini."

Akashika huku anatazama ukuta, akarudisha, akatoka uani kunawa uso.

Mama Mipini akakigeuza kisu polepole. Mchuna ngozi hulaza kidole cha shahada juu ya mgongo wa kisu. Kidole hicho ndicho kinachomwongoza asije akaitoboa ngozi. Hapa kidole hicho hakikuwepo. Vidole vilikunjwa ngumi, ncha ikitazama chini, na dole gumba lilikuwa limefunika kitako cha unga, limezama mpaka kucha ikaonekana. Mtu hachuni hivyo. Hivyo mtu anadunga.

Hakuhitaji kuuliza ni nani wa kudungwa. Binti yake alizikwa kabla ya mvua, na shingo ambayo waoshaji waliifunika haraka mama asiione, naye akaiona. Mume wa marehemu alisema mkewe ameteleza ngazini. Mahakama ikasema ushahidi hautoshi. Akarudi nyumbani, na mtaa ukampa jina: Msafi. Tangu hapo Msafi alipita mbele ya mlango huu karibu kila siku, na akimwona mama mkwe huinamisha kichwa. "Shikamoo, Mama." Naye, kwa kuwa shikamoo haikataliwi, huitikia marahaba, kisha huenda kusukutua.

Lakini kilichomtia hofu si alama za unga. Ni kwamba alipozielewa tu, moyo wake uliruka kwa furaha. Ee Mungu, nisamehe, alisema kwa sauti, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake.

Akakataa kazi? Mafundi ni wengi. Apige kelele? Huyu tangu utotoni ukimkaripia ndiyo umemwonyesha njia. Akaukanda unga upya mpaka mkono wa mwanawe ukafutika wote. Halafu akaushika yeye.

Kijana aliporudi, mama alikuwa ameshaanza kuchonga. Akauzungushia ubapa wa kisu kitambaa kibichi ili moto usipande ukaua makali, akautia mkia kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akausukuma ndani ya tundu la mti. Moshi ukawaingia machoni wote wawili, hakuna aliyejifuta. Ikafuata tupa, ukafuata msasa. Mara kwa mara mama alifumba kiganja juu ya mti, akasikiliza panapouma, akapunguza hapo.

"Chukua."

Kijana akashika. "Mama, mbona mdogo? Vidole vinabaki nje. Umekosea kipimo."

"Sijakosea."

"Huu si mkono wangu!"

"Ni wangu."

Kijana akakigeuza kisu mkononi.

"Unakwenda kuchuna ngozi ya nani, baba?"

"Mama..."

"Vitabu sikuvisoma sana, lakini mikono naisoma. Usinidanganye."

"Kwa hiyo tumwache? Anapita hapa anakuamkia, na wewe unamwitikia!"

"Naitikia. Unadhani inashuka kama uji? Sikiliza. Wewe umefiwa na dada. Mimi nimefiwa na mtoto. Kama kuna mwenye zamu, ni mimi. Nimekula chumvi nyingi. Wakinifunga, watakuwa wamefunga kikohozi na magoti. Wewe mkeo ana mimba. Huyo mtoto atamwita nani baba? Nondo za dirisha?"

Kijana akakiweka kisu mapajani mwa mama yake, akalia kama alivyolia utotoni, kwa kwikwi, bila kujificha. Alipomaliza akasema, "Basi, Mama. Yaishe. Nipe nikakitupe chooni."

Hilo ndilo neno ambalo mama alilichongea mpini wote ule. Alilitega, likaja lenyewe. Akakiokota kisu, akainuka ampe.

Kikamkaa. Kilimkaa vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kushika tangu binti alipoondoka. Kiganja hakikubaki na nafasi hata ya unywele.

"Mama, nipe."

"Nenda kwanza kamwangalie mkeo. Nitakitupa mwenyewe."

"Fungua mkono, Mama."

"Nimesema nenda."

Kijana alimtazama usoni, akatazama ule mkono, akamtazama tena usoni. Alikiburuta kigoda mpaka mlangoni, akakikalia, mgongo kwenye fremu moja na miguu kwenye nyingine.

"Siendi," alisema. "Na wewe ukitaka kutoka, utanikanyaga."

Mama Mipini akakaa chini na kisu chake, akaanza kuomba. Aliomba mwanawe asisinzie.